Pua ya Costancia

"Ijulikane kwa watu wote wa Kilosa, wa relini na wa mkongeni, ya kwamba leo Jumamosi, saa nane mchana, pua ya Costancia itakaa hukumuni!"

Ndivyo alivyotangaza kaka yake, Wenceslaus, karani wa tiketi wa stesheni, akiwa amesimama barazani na kofia ya kazi kichwani. Watu wote wa Kilosa walikuwa kumi na wawili. Wawili kati yao walikuja kuuliza kama kuna mafuta ya taa.

Costancia alivumilia. Mume wake alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo aliishi kwa kuuza mafuta mazuri: waridi, asmini, miski na udi. Mwaka ule bei ya mkonge ilikuwa imepanda, hata wapagazi walitaka kunukia. Aliuza Kilosa, na kila mwisho wa mwezi alidandia lori kwenda kuuza Mikumi. Kazi alifundishwa na Mwanasha, mama wa pwani aliyeketi sasa pembeni yake na kikapu cha vichupa.

Costancia hakumruhusu mtu kuchagua mafuta kwa kunusa kizibo. Alidondosha tone moja penye kifundo cha mkono, akakataza kusugua, akangoja robo saa. Kila ngozi huyageuza mafuta kwa namna yake, na Costancia aliwaambia watu habari za ngozi zao bila huruma. Mke wa mwalimu mmoja aliambiwa kwamba asmini ikifika kwake inakuwa dawa ya mende. Hakurudi tena.

Sasa Wenceslaus alikuwa amechoka kuulizwa dada yake ataolewa lini. Alikuwa amemtafutia wachumba wawili tayari: Cornel, karani wa shamba la mkonge, na Danieli, mwenye bucha. Costancia akasema hawezi kuolewa na mwanamume ambaye ngozi yake inaharibu mafuta.

"Vema," Wenceslaus akamwambia mbele ya watu. "Lakini utafungwa macho. Na nitaingiza mkono wa tatu, wa mtu wa korona, kule mashineni wanakokamua mkonge. Ukimtambua, nitajua pua yako ni ya kweli, na hao wawili ukiwakataa sitakusumbua tena. Ukikosea, unaolewa na nitakayemtaka mimi."

"Mtu wa korona?" Costancia akabetua midomo. "Kaka, huyo hata nikiwa na mafua nitamjua! Maji ya mkonge hayatoki mwilini. Mpake udi uone: shingoni unachachuka, nyuma ya sikio unakuwa kama togwa, labda kifuani ndiko unatulia kidogo. Watu gani wale!"

Baraza likacheka. Wanaume wachache wa korona waliotoka zamu walikuwa wameegemea ua wakitazama. Costancia hakuwatupia jicho.

Alihitaji jambo moja tu: washindwe wote. Hakutaka mume mwingine.

Mwanasha akamfunga kanga machoni. Wenceslaus akadondosha mafuta, akatoa saa yake ya mfukoni, akaitazama kama anayengoja treni ya Gavana. Wenye mikono walikatazwa kusema, kusugua na kukohoa. Robo saa ikapita.

Mkono wa kwanza ukaletwa.

"Hii ilikuwa asmini," Costancia akasema. "Sasa ni wino na jasho la mtu anayemwogopa Mzungu wake. Karani. Ondoa."

"Mimi simwogopi mtu!" Cornel akafoka.

"Ondoa, nimesema."

Mkono wa pili ukaletwa. Costancia alirudisha kichwa nyuma kabla hata hajaufikia.

"Maskini waridi! Limekufa kifo kibaya. Linanuka mkia wa kondoo uliosahauliwa juani. Danieli, baba, unaoga maji au unaoga supu?"

"Naoga na sabuni, dada Costancia! Tena ya mche!"

"Basi ipe pole hiyo sabuni."

Watu waliangua kicheko. Danieli akaondoka akiunusa mkono wake mwenyewe, kwa wasiwasi. Costancia akakaa sawa kitini. Wawili wamekwenda, na huyu wa mwisho hakuwa mchumba wa mtu. Maneno yalikuwa tayari ulimini: mtu wa korona, ondoa. Baada ya hapo angekuwa huru.

Mkono wa tatu ukaletwa. Akainama kwa dharau zake zote.

Udi ulikuwa umetua taratibu juu ya ile chachu ya mkonge, na chini yake kulikuwa na harufu mbichi ya damu. Costancia hakurudisha kichwa. Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaupapasa mpaka kwenye kitambaa kilichofungwa kidole gumba.

"Makarius," akasema kwa sauti ya chini, "umeumia tena? Mbona hukuniambia?"

Hakuna aliyecheka. Mwanasha akaanza kuvipanga upya vichupa vilivyokuwa vimepangwa vizuri.

"Mtu wa korona, ndiye," Wenceslaus akasema polepole. "Umeshinda. Lakini shamba lile lina watu wa korona mia mbili, na huyu nimemwokota tu pale uani. Mimi sikukuomba jina."

Costancia akavua kanga machoni kwa mkono mmoja. Wa pili haukumwachia Makarius.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Wenceslaus akaitika, kwa mazoea tu.

"Huyu ni shemeji yako. Padri alitufungisha ndoa Mikumi, Jumamosi ile baada ya Pasaka."