Mtoto Asiyelia

"Mtoto huyu hapimwi!" Bonareri alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Masikio yake yana nini?"

Nesi Rodah alikuwa amevaa barakoa. Bonareri alimkazia macho. Wasichana wa siku hizi, wanakunyemelea hadi mlangoni bila hodi, halafu wanajificha nyuma ya kitambaa!

"Toa hicho kitu mdomoni uongee kama mtu!"

Nesi akakishusha. "Shosho, tunapima watoto wachanga wote wa kambi hii ya wachuma chai. Asiyesikia akijulikana mapema, anasaidika."

"Ukoo wetu hauna viziwi!"

Alijua fika mchezo huu ni wa Molly, mke wa mwanawe. Jumatatu Molly anarudi kuchuma chai, na anatafuta kisababu cha kumpeleka mtoto kwa yaya, na yeye shosho, nyanya wa mtoto, afungashiwe virago arudi Nyamira. Aende kukaa na nani huko? Tena huyo Molly hana adabu. Anaongea akimpa mgongo, na akiulizwa amesema nini, anafura. Halafu kuna jirani, Mama Vinny, eti Molly akitoka, mtoto hulia hadi sauti inakauka. Mwongo mkubwa! Bonareri alilisha mashine za kiwanda cha chai miaka nenda miaka rudi huku akilea wanawe, leo ndio afunzwe kulea?

Molly, mtoto mikononi, akampita bila kumtazama, akamlaza kitandani. Nesi akaingia, akamtia mtoto kijidude sikioni. Bonareri akauma meno. Mungu wangu, wakimpata na shida, lawama zote ni zake.

Taa ya kijani ikawaka. Nesi akatabasamu. "Anasikia vizuri sana, shosho."

"Si niliwaambia!" Bonareri nusura acheze. Akainama kwenye jiko kuwasha moto wa chai, maana mgeni ni mgeni hata akiwa mchokozi. "Mnaniletea mashine! Molly akienda sokoni Kapsoit nakaa naye kutwa, mimi hapa jikoni, yeye hapo kitandani, na hajanisumbua hata siku moja. Halii! Mwambieni na huyo Mama Vinny!"

Hakuna aliyemjibu. Kiburi gani hiki? Akageuka awape zao.

Nesi alikuwa amemshika Molly mkono, asimchukue mtoto. Wote wawili walikuwa wakimtazama yeye, Bonareri. Na kitandani mtoto alikuwa akirusha ngumi, mdomo wazi, machozi yakimtiririka hadi masikioni.