Nafasi ya Mzawa

Darasa la ushonaji la Eldorado Park lilikuwa la Wakhoi wenyewe, wenyeji wa kale wa nchi hiyo. Waliliendesha wao, serikali ikalipia, na nafasi zilikuwa za wazawa wa nchi tu. Marcelline alitoka Bukavu, nje ya nchi, lakini alijiandikisha kama Mvenda, mzawa wa Limpopo, kwa sababu maduka ya Fordsburg yalitaka fundi mwenye cheti.

Asubuhi hiyo alikuwa akishona kola ya shati wakati binti mmoja wa mtaani hapo alipoingia, mtoto mgongoni.

"Anti, nafasi ipo?" alimuuliza mwalimu, mama wa Kikhoi.

"Mashine zimejaa, mwanangu. Serikali imelipia hizi tu."

"Eish. Hata pa kukaa nitazame tu?"

Mwalimu akatikisa kichwa. Binti akasimama kidogo, akiangalia mikono ya Marcelline.

"Unashona vizuri, mama," alisema, kisha akatoka.

Marcelline akakanyaga pedali. Sindano ikapita kwenye kitambaa na kwenye ncha ya kidole chake. Aliona damu kwenye kola nyeupe kabla hajahisi maumivu.

"Mungu wangu, nisamehe," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti.

Mashine za jirani zikanyamaza. Mwalimu akageuka.

"Hicho si Kivenda."

Marcelline alikuwa na jibu. Alikuwa amelitayarisha tangu siku ya kwanza: bibi yake alitoka mbali, akamfundisha lugha yake. Akalimeza.

"Si Kivenda, Anti," alisema, akiinuka kitini. "Mwite yule binti kabla hajafika barabarani."