Joto la Shaame

Kila kipande kwenye bangili kilikuwa na joto la jamaa mmoja wa mvaaji, na mtu akifa, kipande chake hupoa. Alfajiri moja Zuhura alimletea sonara Hemedi bangili ya mama yake. Kipande cha Shaame, kaka yake Zuhura aliyekuwa ughaibuni, kilikuwa baridi.

"Mama hajaamka, Ami. Kitie betri kipate joto. Moyo wake hautahimili."

Hemedi alikichomoa, akakitia betri, akakitelezesha mahali pake.

Siku ya tatu alikuja mama mwenyewe, Bi Mwanahija.

"Shaame wangu alikuwa mtu wa homa," alisema, akikisugua kile kipande kwa kidole. "Siku hizi joto lake halipandi wala halishuki. Mkono wako mzuri, Hemedi."

Hemedi aliinamisha kichwa. "Niwie radhi, bibi."

"Radhi ya nini? Zuhura amevaa kipande changu. Nitamwambia akuletee bangili yake uisafishe." Akashusha sauti. "Nami nitie betri. Joto langu limeanza kushuka; asijue."

Alipoondoka, Hemedi alivigusa vipande vya wanawe walio mbali kwenye bangili yake mwenyewe, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa na joto.