Daktari Anataka Kusikia

"Kimbia, Mbeke! Usisimame!" mama yake alifoka, simu ameielekeza usoni pa mtoto.

Daktari wa Kitengela alikuwa amemwambia, "Hapa msichana yuko sawa. Nirekodie akikimbia, nisikie huo mlio unatoka akivuta pumzi ama akiitoa. Hapo ndio nitajua kama ni pumu ama ni koo inajifunga."

Mwalimu alishasema ni uvivu. Shangazi walisema anajifanya. Leo, kwenye uwanja wa Kisaju, simu ingewafunga wote midomo.

"Mama, siwezi."

"Raundi moja tu!"

Mlio ukaja, mwembamba kama filimbi. Kishimo cha chini ya koo kikabonyea hadi kidole kingeingia. Mbeke akapiga magoti, akang'ang'ania nyasi kana kwamba hewa iko huko chini. Mama hakumshika. Aliisogeza simu karibu na ule mdomo, akangoja mpaka mlio ukaisha wenyewe.

Ndipo akatazama kioo cha simu. Hakuwa amebonyeza kurekodi.

Akampangusa kamasi kwa ncha ya leso. Mbeke akajaribu kutabasamu.

"Imeshika, mama?"

"Bado. Inuka."