Ukingoni mwa Picha

Kamera za wakati huo zilikuwa na amri moja: aliyevuliwa uraia asitokee. Ukimpiga picha, mahali alipokaa ungeuona ukuta tu. Mbazi alivuliwa kwa sababu ya kuandamana, na tangu siku hiyo mama yake alikuwa akipangusa picha zenye pengo.

Siku ya harusi ya mdogo wao, dada yake Mbazi aitwaye Nakunda, mpiga picha, alifunga lenzi kuukuu ya jicho la samaki, inayomeza ukumbi mzima na kupinda kila kilicho ukingoni. Sura iliyopinda, kamera haiijui.

"Mbazi, simama mwisho kabisa."

"Si nitatoka kama ndizi, dada?"

"Ndizi, lakini utatoka."

Akatoka kweli. Kichwa kimerefuka kama papai, ila cheko ni lake. Mama akaitazama picha ile, machozi yakamlenga.

"Piga nyingine," akasema. Akainuka kwenye kiti cha katikati, akaenda kusimama na mwanawe. Bibi harusi akakusanya gauni lake, akamfuata. Wajomba nao wakaja, wakisukumana kugombea ukingo.

Katikati pakabaki kiti kitupu.

"Haya," mama akasema, "sasa wafute kiti."