Mashine Iliyokosa Mnunuzi

Msimamizi alikuwa amepiga magoti akiikwangua mashine kwa brashi ya waya, na Fundi alikuwa ameketi akimtazama kama mtu anayemung'unya kitu kitamu polepole.

"Pale kwenye kona bado," Fundi alisema. "Kutu haitoki kwa kupapaswa, bwana mkubwa. Tia nguvu."

Msimamizi akatia nguvu. Zamani, kule shambani, neno lake moja lilitosha kumwachisha mtu kazi kabla chai haijapoa. Sasa viatu vyake vilifungwa kwa waya, na alikuwa amekuja uani kwa Fundi kuomba kibarua chochote. Fundi alikuwa na vibarua vingi. Hiki alimchagulia makusudi.

Ilikuwa mashine ya kufyekea nyasi, ile inayofungwa nyuma ya trekta dogo: bamba pana la chuma juu, visu viwili chini. Siku shamba lilipouza zana zake kuukuu, watu waligombania majembe na tela, lakini hii waliipitia mbali kama mbwa mwenye kichaa. Wote walijua imeua. Fundi akaibeba kwa bei ya chuma chakavu, pamoja na trekta lenyewe. Aliyefia chini yake alikuwa mke wake.

"Nataka niione kila siku," aliwaambia waliomshangaa, "nisije nikawasahau wakubwa walionilaza peke yangu."

Kisa chenyewe hakuna asiyekijua. Mama wa watu, aliyefyeka nyasi shambani pamoja na mumewe, aliingia chini ya mashine iliyoinuliwa, atoe waya uliojisokota kwenye visu. Mikono ya trekta iliyoishikilia juu ikaachia. Kazi hiyo ina sharti lake: mashine ikiinuliwa, gogo husimamishwa chini yake kabla mtu hajaingiza hata kichwa. Siku ile gogo halikuonekana. Wafanyakazi walipekua vichaka vyote, wakimwacha mfiwa tu palepale alipokaa, kwa kuwa miguu ilimkataa. Hawakuliona. Msimamizi akapoteza kazi, akafungwa, akatoka na kikohozi.

"Wao gogo la nini?" Fundi alipenda kusema, na alisema tena sasa, kwa sauti, ili yale magoti yasikie. "Wao wanakalia viti vinavyozunguka. Roho ya mfyeka nyasi kwao ni bei ya kuni!"

Yeye alikalia kiti chake cha siku zote, kifupi na kizito, alichokivika gunia na kulipigilia misumari kila upande. Hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Bintiye alimtania kwamba bila shaka ana jipu makalioni, ndiyo maana habanduki hapo. Hata siku ya kufagia ua, mzee alikihamisha mwenyewe.

Binti alitoka bandani na visu vipya mkononi, grisi mpaka kwenye viwiko. Ufundi wote wa baba ulikuwa umehamia kwake, na chuki yote pia. Alimpita Msimamizi bila kumwamkia, kama alivyofanya tangu utotoni.

"Mwanangu," Msimamizi alisema, "sikuombi unisamehe. Lakini gogo lilikuwapo. Nililiweka mwenyewe kando ya trekta asubuhi ile. Nililipaka rangi nyekundu, watu wasije wakalifanya kuni."

"Msikie!" Fundi akacheka. "Hata hakimu ulimwimbia wimbo huo. Leo lina rangi, mwakani litaota majani."

"Kwangua, mzee," binti alisema. "Usinichoshe."

Msimamizi akainamisha kichwa. Fundi aliona machozi yakimlengalenga, akajisikia vizuri kuliko alivyojisikia mwezi mzima.

Binti akaliwasha trekta, akainua mashine juu, akazima, kisha akalala chali na kuteleza chini yake na spana.

"Ngoja sili mpya za mpira zije kwanza," Fundi alimwambia. "Hizo za mikono zimekwisha, zinavuja mafuta."

"Nafunga nati mbili tu, Baba. Visu hivi havijifungi vyenyewe."

Alifunga moja. Alikuwa kwenye ya pili chuma kilipolia, na bamba likashuka kiasi cha unene wa kidole.

"Baba, inashuka!" Miguu yake ikapiga teke vumbi. "Ovaroli imenasa kwenye kisu. Nikingie kitu! Hicho kiti chako, Baba, hicho hicho, haraka!"

Msimamizi alikwisha kusimama. Alikuja mikono mbele. "Inuka, Fundi! Lete!"

"Kimbia bandani," Fundi alisema. "Kuna mbao nyuma ya mlango."

"Bandani mbali! Inuka, mtu wa watu, mwanao huyo!"

"Kuna mbao, nimekwambia!"

Bamba likashuka tena. Chini yake binti aliacha kuita Baba, akaanza kuita mama yake. Msimamizi akakamata gunia kwa mikono yote miwili, akavuta. Misumari ikang'oka upande mmoja, gunia likapasuka mpaka chini, na Msimamizi akabaki ameinama na kipande mkononi, mdomo wazi, akitazama ile rangi nyekundu.

Fundi akakaza mapaja, akajikandamiza juu ya gogo kwa uzito wake wote.

"Ngoja kidogo," akasema, kama alivyomwambia mke wake siku ile, sahani ikiwa magotini.