Mnazi wa Murshid

"Anayelipa kodi ya ardhi ndiye mwenye shamba," alisema binamu yangu Murshid, na wazee wa baraza wakaitikia kwa vichwa.

Nilikuwa mtaa wa Xiaobei, Uchina, nilikokuja kununua bidhaa, nimekalia robota la mashati, nikiwatazama kwenye simu. Kule Pangani simu aliishika shangazi, katikati ya shamba lenye kaburi la mawe la bibi wa babu zetu. Murshid alishapata mnunuzi, mwenye hoteli. Na kweli, kodi alilipa yeye miaka yote.

"Mwizi!" nilifoka, hata Mchina aliyekuwa akifunga mizigo akaacha utepe. "Shangazi, mpe simu nimwonyeshe!"

"Nyamaza wewe, una kelele kama jenereta," alijibu shangazi.

Akawaongoza wote hadi kwenye mnazi mmoja mrefu, wenye vidato vya kukwelea. Kwetu, kitovu cha mtoto huzikwa pamoja na mche wa mnazi.

"Huu wa nani?" aliuliza.

Murshid aliingiza kidole kwenye kidato, akakipitisha taratibu ukingoni.

"Wangu, shangazi."

"Basi kalete shoka. Mwenye hoteli anataka uwanja mweupe."

Wazee walicheka. Murshid hakucheka. Alisimama kiganja kikiwa kwenye gome, kisha akavua viatu.

"Kaeni, wazee wangu," alisema. "Niwaangushie madafu."

"Murshid!" niliita. "Kodi ya mwaka huu nalipa mimi!"

Uso wake sikuuona tena. Niliona nyayo zake tu, zikipanda.